Nauli Kwanza, Tuzo Baadaye: Kuwalea Wanafunzi wa Jiolojia ya Sayari Mwanza

Hotuba ya mlezi wa wanafunzi katika mkutano wa mwaka wa jumuiya ya jiolojia ya sayari, jijini Mwanza

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika taaluma hii, walimu wa sekondari na wa vyuo, wanafunzi, na ninyi wazazi mliokubali kuja kusikia watoto wenu wanafanya nini na mawe ya Mirihi: shikamooni kwa wanaostahili, na kwa wengine wote, habari za asubuhi. Itifaki nyingine naomba ihesabiwe kuwa imezingatiwa, kwa maana nimepewa jambo moja tu la kulizungumzia, nalo ni namna jumuiya hii inavyowalea wanafunzi wake.

Wageni hutuuliza kwa nini watu wa mji wa sangara, dagaa na dhahabu wakutane kuzungumzia Mwezi na Mirihi. Jibu wanalikanyaga wenyewe. Mawe yanayobebana kule Capri Point, pamoja na Jiwe la Bismarck ambalo ni nadra mgeni kuondoka bila kulipiga picha, ni graniti za kratoni ya Tanzania, sehemu ya ganda la dunia yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Hayakupangwa na mtu. Mwamba ulipasuka kwa mistari inayokatana, maji yakapenya kwenye nyufa na kuuozesha chini ya udongo kuanzia pembeni, na udongo ulipochukuliwa na mvua yakabaki mawe ya mviringo yamekaa pale pale yalipozaliwa. Graniti kwa wingi wa namna hii hatuioni kwa majirani zetu wa angani. Ganda la Mirihi kwa sehemu kubwa ni basalti, mwamba mweusi unaotokana na lava. Nyanda nyeusi za Mwezi ni basalti vilevile, na nyanda zake za juu zinazong'aa ni anorthosaiti, mwamba wenye rangi nyeupe. Wajiolojia wengi huuhusisha wingi wa graniti duniani na kuwapo kwa maji, na pia na ganda kuyeyushwa upya mara nyingi katika historia ndefu. Kwa hiyo kijana aliyekulia akipanda mawe ya Bugando au Igogo amekulia juu ya kitu ambacho watafiti wa sayari wanakitafuta kwingine na kukipata kwa uchache sana.

Ziwa nalo lina mambo yake. Gari la utafiti liitwalo Curiosity lilitua katika kreta, yaani shimo kubwa la duara, iitwayo Gale, huko Mirihi, mwezi Agosti 2012, na miaka kama kumi baadaye, likiwa linaupanda mlima ulio katikati ya kreta hiyo, likafika kwenye tabaka la mwamba lenye viwimbi vilivyogandishwa, alama ya mawimbi yaliyochezea mashapo ya chini ya ziwa lenye maji ya kina kifupi. Nafasi kati ya kiwimbi na kiwimbi, pamoja na ukubwa wa chembe zenyewe, humwezesha mtafiti kukadiria ukubwa wa mawimbi na kina cha maji yaliyokuwapo. Mwanafunzi anayeshuka ufukweni hapa na rula yake, akapima viwimbi vya mchanga penye maji ya magotini, anafanya kipimo kile kile, na bahati yake ni kwamba mawimbi anayaona kwa macho. Mashapo ya chini ya Ziwa Viktoria yameonyesha pia kwamba ziwa hili, pamoja na ukubwa wake wote, liliwahi kukauka kabla ya kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Anayetaka kuelewa ziwa linavyokufa na linavyorudi ana pa kuanzia.

Mahali pa kujifunzia tunapo, basi, na akili hazijatupungukia. Kinachotupungukia ni njia ya kumfikisha mwanafunzi kutoka siku anapoingia mkutanoni akiwa na shauku hadi siku anaposimama mbele ya watu akiwa na kazi yake mwenyewe mkononi. Katikati ya siku hizo mbili ndipo tunapowapoteza. Anayeacha hutoweka kimya kimya, kwa sababu ya nauli ya daladala kutoka Buhongwa au Igoma, au bando lililokwisha kabla picha haijamaliza kushuka, au kwa sababu amekaa viti vya nyuma mikutano mfululizo na hakuna aliyemuuliza jina. Wengine tunawahesabu kuwa wavivu. Mimi nasema tumhesabu kila mmoja wao kuwa ni hasara yetu.

Nianze na hilo la bando, maana ni dogo na linarekebishika leo. Chombo kiitwacho Mars Reconnaissance Orbiter kinaizunguka Mirihi tangu Machi 2006, na kamera yake ya HiRISE huonyesha ardhi kwa undani wa sentimita 25 hadi 30 kwa kila nukta ya picha. Jiwe lenye ukubwa wa meza linaonekana. Picha hizo ni za bure kwa mtu yeyote duniani. Programu za kuzifungulia na kuchorea ramani, kama QGIS na JMARS, nazo ni za bure. Lakini picha moja ya ukubwa kamili inaweza kuwa na mamia ya megabaiti, na kwa mwanafunzi anayenunua intaneti kwa vipimo vya siku moja, kitu hicho cha bure kina bei inayozidi chakula chake. Dawa yake haihitaji mfadhili. Mwanachama mmoja mwenye intaneti ya ofisini, aliyeruhusiwa kuitumia, anapakua maeneo tuliyokubaliana, anayaweka kwenye diski, na kila mwanafunzi anakuja na flashi yake kunakili. Napendekeza diski hiyo iwe mali ya jumuiya, ikae kwa katibu, na isigeuzwe kuwa mali ya mtu mwenye cheo.

Picha zikishapatikana, kazi ipo. Naisema hii kwa urefu kidogo kwa sababu wanafunzi wengi huamini kwamba utafiti wa sayari unahitaji maabara ya nje ya nchi. Kuhesabu kreta hakuhitaji maabara. Uso wa sayari uliokaa muda mrefu umepigwa na vimondo vingi, na uliofunikwa upya na lava hivi karibuni una makovu machache. Ukihesabu kreta kwa ukubwa wake katika eneo unalolijua, unapata umri wa uso huo ukilinganisha na mwingine. Ili ulinganisho huo ugeuke kuwa miaka halisi, walihitajika mawe yaliyopimwa umri, na hapo ndipo kilo 382 zilizoletwa na safari sita za Apollo kati ya 1969 na 1972 zilipofanya kazi yake. Mwaka 2020 chombo cha China, Chang'e-5, kilileta mawe mengine yenye umri wa takriban miaka bilioni 2, yakajaza pengo kubwa lililokuwapo katikati ya kipimo. Mwanafunzi wa Nyegezi mwenye kompyuta mpakato iliyotumika anaweza kuingia kwenye kazi hiyo kesho asubuhi.

Ila hawezi kuingia peke yake. Kimondo kikubwa kinapopiga, hurusha mawe ambayo yenyewe huanguka na kuchimba kreta ndogo, mara nyingi kwa misururu na mafungu, na mgeni wa kazi hii huzihesabu kana kwamba kila moja imetoka angani. Uso unazeeka kwenye karatasi bila kuzeeka kule ulipo. Hata wataalamu wawili wakihesabu eneo moja hawapati idadi ile ile. Jicho la kutofautisha hupatikana kwa kukaa na mtu aliyekwisha kuhesabu, mkabishana juu ya duara moja hadi mkubaliane au mkubali kutokubaliana na kuandika hivyo. Ndiyo maana nikisema maisha ya jumuiya, sisemi soda na picha za pamoja. Nasema mikutano ambamo mkubwa na mdogo wanaangalia kioo kimoja, na mdogo anaruhusiwa kumwambia mkubwa, kwa adabu, kwamba hapa umehesabu mbili. Naomba nusu ya kila mkutano wetu wa mwezi iwe ya kazi hiyo, na hotuba kama hii yangu ziwe chache.

Sasa safari za mafunzo uwandani, mahali ambapo fedha hututenganisha zaidi. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lifunguliwe mwaka 2025, kwenda Sengerema na Geita hakutudai tena kupanga saa zetu kwa kungoja kivuko, na safari ya siku moja imewezekana. Geita kuna miamba yenye mikanda ya chuma, ya kale sana, inayomfundisha mwanafunzi namna maji na chuma vinavyoweza kushirikiana kuandika historia kwenye jiwe; na itakumbukwa kwamba gari la Opportunity lilipelekwa uwanda wa Meridiani mwaka 2004 kwa sababu hematiti, madini ya chuma ambayo mara nyingi hutokea penye maji, ilikwisha kuonekana pale kutoka angani. Upande wa Shinyanga tuna Mwadui, na ningependa kila mwanachama mpya afikishwe eneo hilo. Wengi wanaijua kwa almasi tu. Wachache wanajua kwamba bomba lile la kimbaliti, mwamba wa volkano unaobeba almasi, limehifadhi sehemu ya kreta yake ya juu, pamoja na mashapo yaliyotulia ndani yake, kitu ambacho kwingine kimekwisha kumomonyoka. Kreta hiyo ni ya volkano na si ya kimondo. Mwanafunzi akiuliza tunajuaje, safari imekwisha kujilipa.

Lakini nani anapanda gari? Kwa utaratibu wetu wa sasa anapanda aliyelipa, na wakati mwingine tunatangaza kwamba mwanafunzi atarudishiwa gharama akileta risiti. Kurudishiwa ni msaada kwa mwenye kitu cha kutanguliza. Mtoto wa mvuvi wa Ukerewe, au wa mama anayeanika dagaa kule Kirumba, hana cha kutanguliza, na hatakuja kutuambia hivyo mbele ya wenzake. Atasema ana mtihani. Utaratibu huu haujatungwa na sisi: mifuko mingi ya misaada ya makongamano hulipa baada ya safari, na anayenufaika ni yule ambaye angesafiri hata bila msaada. Hoja yangu ya kwanza kwenu, kwa hiyo, ni kwamba mfuko wetu utoe fedha kabla ya safari, mkononi au kwa simu, kwa fomu fupi isiyomtaka mwanafunzi aeleze umaskini wa nyumbani kwao. Atakayekula nauli tutamfahamu, maana hatutamwona garini.

Kuna wanaopendelea tuanzishe tuzo. Nimewasikiliza na nawaheshimu, na mifano yao ni mizuri. Jumuiya ya Jiolojia ya Marekani ina kitengo chake cha jiolojia ya sayari, na tangu 1991 kuna tuzo yenye jina la Stephen Dwornik kwa wanafunzi wa Marekani wanaotoa mawasilisho bora kwenye kongamano la sayansi ya Mwezi na sayari linalofanyika Texas kila Machi. Vijana wengi wamejulikana kwa njia hiyo. Kitengo hicho hicho huwatunuku wakubwa kwa jina la Grove Karl Gilbert, na hapa mniruhusu nitoke nje ya njia kidogo. Gilbert ndiye aliyekwenda Arizona mwaka 1891 kuchunguza shimo kubwa, lenye upana wa zaidi ya kilomita moja, ambalo leo dunia nzima inajua lilichimbwa na kimondo, akahitimisha kwamba ni mlipuko wa mvuke wa volkano. Miaka miwili baadaye, mtu huyo huyo aliandika kwamba kreta za Mwezi zimetokana na kupigwa kutoka angani, na katika hilo alikuwa mbele ya zama zake. Napenda sana kwamba tuzo ya heshima imepewa jina la mtu aliyekosea waziwazi na kupatia waziwazi. Walimu wanaowaogofya wanafunzi wasiseme mpaka wawe na uhakika wamfikirie.

Turudi. Tuzo humfaa mwanafunzi ambaye amekwisha kufika jukwaani. Wa kwetu wengi bado wanatafuta nauli ya kufika kwenye jukwaa hilo. Tukichukua kiasi kidogo tulicho nacho, tukakigawa kwa mshindi mmoja na wenzake wawili, tutakuwa tumewapa waliokwisha kupata, na wale wa viti vya nyuma watapiga makofi. Tuzo ije, nitakuwa wa kwanza kuichangia siku ambayo hakuna mwanafunzi aliyekosa safari kwa sababu ya fedha.

Na msiniambie fedha hakuna. Kila mmoja wetu hapa ana kadi za michango ya harusi mezani kwake, na simu yake inaita kutoka kwa mweka hazina wa kamati ambayo hakumbuki aliingia lini. Tunachanga ukumbi, mapambo, keki na gari la maharusi, na kamati hizo, nawapa haki yao, zina nidhamu ambayo idara nyingi zingeionea wivu: kikao kila wiki, orodha inasomwa hadharani, ahadi inafuatiliwa hadi ilipwe. Nataka nidhamu ile ile kwa nauli za wanafunzi. Wanachama walioajiriwa migodini na serikalini walipe viti viwili kwa kila safari, kimoja chao na kimoja cha mwanafunzi asiyemjua, na orodha ya ahadi isomwe kila mwezi bila kuoneana haya.

Lipo jambo ambalo hatulisemi, na leo nitalisema. Wasichana wanaojiunga nasi ni wengi kuliko wanaobaki. Safari ikipangwa bila kuuliza mahali pa kujisitiri, ikarudi saa nne usiku na kumshusha binti stendi ya Buzuruga peke yake, tusishangae akikosekana safari ijayo. Zaidi ya hayo, mtu mwenye uwezo wa kuandika barua ya utambulisho, kusaini kitabu cha mafunzo kwa vitendo au kupendekeza jina la mfadhiliwa, ana mamlaka juu ya kijana, na mamlaka hayo yana wanaoyatumia vibaya. Rushwa ya ngono ni kosa kwa sheria ya nchi hii, na kwa jumuiya yetu iwe pia sababu ya kufukuzwa. Napendekeza barua zote za mapendekezo zitoke kwa watu wawili, kila mwanafunzi awe na walezi wawili badala ya mmoja, na kamati ya kupokea malalamiko iwe na wanawake wasiopungua nusu, wakiwamo wanafunzi. Kathryn Sullivan, mwanamke wa kwanza wa Marekani kutembea angani nje ya chombo, mwaka 1984, alikuwa mwanajiolojia. Mabinti wetu wanahitaji mfano huo, lakini wanahitaji zaidi gari linalowafikisha nyumbani.

Wazazi, nanyi nina deni kwenu. Mnauliza kama Mirihi italeta chakula mezani, na ni swali la haki. Sitawadanganya: wengi wa vijana hawa hawatafanya kazi ya sayari maishani mwao. Watachora ramani za madini, watatafuta maji ya visima, watapima mabadiliko ya ufukwe, watafundisha jiografia. Kusoma picha ya setilaiti, kutambua mwamba chini ya hadubini, kuandika ikisiri inayoeleweka na kuitetea mbele ya watu wakali ni ujuzi ule ule, na mwajiri wa Geita haulizi kama kijana alijifunzia kwenye picha ya Zuhura au ya Sengerema. Atakayepata njia ya kwenda mbali zaidi tutamsindikiza. Mwanadamu aliyefika Mwezini akiwa mwanajiolojia kwa taaluma hadi sasa ni mmoja tu, Harrison Schmitt, Desemba 1972, kwa hiyo foleni si ndefu.

Kwa shule za sekondari nitasema kwa ufupi. Tuna meza ya mawe ambayo watu huiletea vitu wanavyodhani ni vimondo, na vingi ni mabaki ya kuyeyusha chuma au hematiti nzito. Wanafunzi ndio waiendeshe meza hiyo, wakiwa na sumaku, mizani na lenzi, na kila mleta jiwe apewe jibu la heshima na maelezo, hata likiwa jiwe la kawaida. Vimondo haviangukii nchi za wengine tu. Mbozi tunacho cha chuma chenye uzito wa tani nyingi, na tarehe 14 Agosti 1992 mvua ya mawe kutoka angani ilianguka Mbale, kwa jirani zetu Uganda, kijiwe kimoja kikamgonga mtoto baada ya kupunguzwa kasi na migomba. Siku kitu kama hicho kikitokea upande wetu wa ziwa, mwananchi atakayekiokota anapaswa kujua wa kumwambia, na atamjua kwa sababu kijana wetu mmoja aliwahi kufika shuleni kwa mtoto wake. Kreta ndogo za Mirihi hupewa majina ya miji midogo ya duniani, na jina hutolewa pale mtafiti anapolihitaji kwa kazi anayoiandika. Mwanza yetu imekwisha kuwa kubwa mno kwa heshima hiyo. Nansio bado inafaa, na anayehitajika ni mwandishi wa hiyo kazi.

Ndugu Mwenyekiti, hoja ziko tatu mezani kwako kwa maandishi: fedha za safari kutolewa kabla, viti viwili kwa kila mwanachama mwenye ajira, na walezi wawili kwa kila mwanafunzi pamoja na kamati ya malalamiko. Ya diski ya picha haihitaji kura; nimekwisha kuileta, iko kwa katibu, na wenye flashi waanze kunakili wakati wa chai. Naomba hoja hizo zipigiwe kura kabla ya chakula cha mchana, wakati wanafunzi bado wamo ukumbini, na wao nao wapige kura kama sisi.